Vya Gari kwenye Foleni: Kipi Ununue, Kipi Ukipungie Mkono

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kukaa kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni. Pale kila kitu kinajitembeza: waipa, pafyumu, vitambaa vya kufutia, polishi ya dashibodi, vizuia jua, chaja, nyaya za kubustia betri, mitungi ya zimamoto, hata chupa za mafuta ya breki. Kizuri kimo na kibaya kimo, mara nyingine kwenye mkono mmoja, na taa ya kijani haikupi muda wa kuvitenganisha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dakika ile. Haukuambii usinunue kitu barabarani. Ushauri huo wenye magari wanausikia kila siku na hawaufuati, na kwa vitu vingi wana haki ya kutoufuata. Sehemu kubwa ya bidhaa anazobeba machinga wa Dar es Salaam imetoka kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo, kulekule ambako mwenye duka la mtaani kwako naye huchukulia. Tofauti ni kwamba machinga halipi pango la fremu, na wewe unaokoa safari ya mjini pamoja na ushuru wa maegesho. Bandia nayo haikuzaliwa mataani. Inauzwa madukani pia, tena kwa tabasamu.

Kwa hiyo jiulize swali moja tu: kitu hiki kikiwa kibovu, nitapoteza nini? Jibu litakigawa kila kinachopita dirishani kwako katika makundi matatu. Kuna vitu ambavyo vikiwa vibovu unapoteza hela uliyolipa, basi. Kuna vitu vinavyoweza kukuharibia rangi, plastiki au kioo, au kukuangusha siku ya shida. Na kuna vitu ambavyo vikiwa vibovu injini inakufa au gari linakataa kusimama. Kundi la kwanza nunua na upatane bei. La pili nunua ukishajaribu. La tatu funga kioo.

Nunua bila wasiwasi

Anza na kizuia jua cha kioo cha mbele. Katika vyote vinavyouzwa kwenye foleni, hiki ndicho kinachorudisha hela yake upesi. Gari likiegeshwa juani mchana wa Januari, dashibodi inaweza kupita nyuzi joto 60, na joto hilo ndilo linalopasua plastiki, kulegeza gundi na kukufanya ushike usukani kwa ncha za vidole. Kile chenye upande wa kung'aa hurudisha mwanga nje kabla haujageuka joto, kwa hiyo upande huo ndio utazame nje. Usikubali maneno ya "kinaingia gari zote, bosi." Cha Vitz hakiwezi kufunika kioo cha Noah. Mwambie akikunjue na akiweke juu ya kioo chako. Kikifika kona zote mbili, anza mazungumzo ya bei.

Vitambaa vya maikrofaiba navyo ni ununuzi mzuri, ukijua kuvipima. Pitisha kiganja kikavu juu yake: kizuri hung'ang'ania ngozi, kibovu huteleza. Kama una chupa ya maji ndani ya gari, dondoshea matone mawili. Kizuri huyanywa, kibovu huyasukuma huku na huko. Ukifika nyumbani kata kile kilebo cha pembeni, kwa kuwa ukingo wake mgumu hukwaruza rangi, kisha kifue peke yake kabla ya kukitumia. Usikitie dawa ya kulainisha nguo, maana huziba nyuzi na kitambaa hakinywi tena maji. Weka kimoja cha bodi, kimoja cha ndani na kimoja cha rimu, na visichanganyike kamwe. Kilichoanguka chini kwenye mchanga kihamishie kwenye rimu hadi kifuliwe vizuri; punje moja ya mchanga inatosha kuchora boneti nzima.

Kile kitambaa cha manjano au cha bluu kinachouzwa ndani ya kopo la plastiki kikiwa na unyevu ni cha kukaushia gari baada ya kuoshwa. Kikikauka hukakamaa, na wengi hukitupa wakidhani kimekufa. Kiloweke kwenye maji dakika chache kitalainika, kikamue, kisha kitumie. Kirudishe kwenye kopo lake kikiwa na unyevu kidogo.

Pafyumu haina madhara makubwa, ila ina werevu wake. Ile ya karatasi yenye umbo la mti ilibuniwa na mkemia Julius Sämann huko Watertown, jimbo la New York, mwaka 1952, na leo inaigwa dunia nzima. Watu wengi huichana plastiki yote siku ya kwanza, gari likanuka hadi kichwa kikauma, na baada ya wiki moja hamna kitu. Kata plastiki juu tu, toa sehemu ndogo ya karatasi, kisha uivute kidogo kila wiki. Kwa zile za chupa zenye mafuta, kaza kifuniko na usizilaze juu ya dashibodi, kwa kuwa mafuta yake yakivuja huchubua plastiki na doa halitoki. Usiitundike mahali inapokukatisha macho barabarani.

Kumbuka pia kwamba pafyumu huficha habari. Harufu ya ukungu unapowasha AC hutokana mara nyingi na filta ya hewa ya ndani iliyochoka, ambayo kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi bila fundi. Harufu ya petroli, au harufu tamutamu inayoambatana na ukungu wa mafuta kwenye kioo, ni ya kwenda nayo gereji.

Kishikilia simu na chaja ya kuchomeka kwenye tundu la sigara viko pia katika kundi hili, kwa masharti mawili. Kishikilia simu kisikae juu ya maandishi ya airbag, kwa sababu siku mfuko ule ukipasuka utakitupa usoni kwa mtu. Chaja ichomekwe na simu iwekwe palepale kabla ya kulipa. Nyumbani iangalie tena baada ya robo saa: ikiwa imepata moto hadi huwezi kuishikilia, itupe. Hasara yake iwe ile bei yake, isifike kwenye betri ya simu.

Waipa zina mambo yake

Mvua ya kwanza ya masika ikishuka, kila dereva anagundua jambo moja kwa wakati mmoja, na bei ya waipa inapanda kabla maji hayajafika mtaroni. Ushauri wa kwanza kwa hiyo ni wa kalenda. Masika ya Dar huja kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Waipa nunua Februari au Septemba, wakati machinga ndiye anayekusihi.

Pili, jua kipimo chako. Waipa hupimwa kwa inchi, na kwenye magari mengi ya dereva ni ndefu kuliko ya abiria. Chukua tepu leo jioni, pima zote, na ile ya nyuma kama gari lako linayo, kisha andika namba hizo kwenye simu. Waipa ndefu kupita kiasi hugonga fremu ya kioo au hugongana na mwenzake. Fupi inakuachia ukanda wa maji mbele ya macho. Machinga akikuuzia jozi ya urefu mmoja kwa gari linalotaka urefu tofauti, waipa hazina kosa; kipimo ndicho kimekosewa.

Tatu, tazama raba. Adui wa raba ni jua, na waipa iliyoning'inizwa begani kwa mtu mchana kutwa, wiki baada ya wiki, imeanza kuzeeka kabla hujaigusa. Omba iliyo ndani ya mfuko au boksi. Pitisha ukucha polepole ukingoni: uwe laini, usio na meno wala mawimbi. Ikunje raba kidogo pembeni. Ukiona nyufa ndogondogo, mrudishie.

Nne, usikimbilie kutupa ya zamani. Gari nyingi zilizoletwa kutoka Japani huja na fremu nzuri za chuma ambazo raba yake hubadilishwa peke yake. Kama fremu haijalegea wala haijashika kutu, ulizia raba tupu. Utalipa karibu nusu ya bei ya waipa nzima au hata chini ya hapo, na utabaki na fremu iliyo bora kuliko nyingi za mataani.

Mwisho, kazi ya kufunga. Machinga mzoefu huvua waipa na kuvalisha nyingine kwa sekunde chache, ila mkono wa chuma ukibaki wazi bila waipa una springi kali. Ukiponyoka ukashuka, unaweza kupasua kioo. Tandika kitambaa juu ya kioo kabla hajaanza. Na zikianza kupiga kelele siku ya kwanza, safisha kioo kwa maji yenye siki kidogo kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi ni mafuta ya polishi na moshi wa malori yaliyoganda pale.

Jaribu kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya, kwa sababu bidhaa hizi huonekana kufanya kazi mbele ya macho yako.

Polishi ya dashibodi. Nyingi zinazong'arisha sana zina mafuta ya silikoni. Dashibodi inameta, na mwanga wake unarudi kwenye kioo cha mbele hadi unaendesha ukiona kivuli cha dashibodi badala ya barabara. Chagua inayoacha plastiki bila kumeta. Pulizia kwenye kitambaa badala ya dashibodi yenyewe, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha futa mabaki kwa kitambaa kikavu. Usiipake kwenye usukani, pedeli wala sakafu ya dereva. Mguu unaoteleza kwenye pedeli ya breki ni hatari kuliko dashibodi yenye vumbi. Na kama gari linakwenda kupigwa rangi hivi karibuni, mwambie fundi kwamba umetumia silikoni, kwa sababu ikibaki kwenye bodi rangi mpya hukataa kushika na kuacha vijicho.

Kopo lolote la kupulizia lina onyo la kutoachwa kwenye joto linalozidi nyuzi 50. Soma tena namba ya dashibodi hapo juu, kisha likae nyumbani.

Dawa ya kung'arisha tairi. Isipakwe kamwe kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara, wala isifike kwenye diski za breki. Paka ubavuni tu, acha ikauke, ndipo uondoke; vinginevyo utaikuta imerukia kwenye milango. Kuna waosha magari wanaopaka dizeli au oili chakavu ili tairi liwe jeusi. Wakataze. Mafuta ya aina hiyo hulegeza na kuvimbisha raba.

Dawa ya kuondoa mikwaruzo. Onyesho lake ni maarufu: kijana anachora mstari kwenye kipande cha bati lililopakwa rangi, anapaka dawa, anafuta, mstari haupo. Kilichotoka ni wino au rangi iliyokaa juu, na hata mafuta ya taa yangekitoa. Mkwaruzo wa kweli una kina. Pitisha ukucha juu yake: ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo uko kwenye tabaka la juu la vanishi na polishi nzuri itaupunguza. Ukikwama, hakuna kopo litakaloutoa. Dawa yenye mafuta itaujaza, utapotea machoni, na gari likioshwa utarudi.

Elewa pia tofauti ya polishi na nta. Polishi ina chembe za kusaga. Inapunguza tabaka la juu ili pawe sawa. Nta haiondoi kitu, inaongeza kinga. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia chini hadi vanishi, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, karibu na unene wa karatasi moja ya kuchapia. Mtu anayepiga polishi ya kusaga kila mwezi anakula karatasi hiyo. Nta unaweza kurudia kila baada ya miezi michache bila hofu.

Zile kalamu za kuziba mikwaruzo hazijui rangi ya gari lako. Gari lako lenyewe linaijua: kwenye Toyota tazama kibati cha kiwandani, kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, utafute msimbo wa rangi. 040 ni nyeupe tupu, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni fedha, 202 ni nyeusi. Peleka msimbo huo kwa wachanganya rangi, wakuchanganyie kikopo kidogo. Rangi itafanana zaidi na utatumia hela chache zaidi.

Kusafisha taa za mbele. Vijana wa vituo vya mafuta hukupangusia taa iliyogeuka njano ikawa kama mpya ndani ya dakika tano. Plastiki ya taa hiyo ni polikaboneti, na njano hutokana na jua kula tabaka la kinga. Dawa ya meno, polishi au kimiminika chao hutoa tabaka lililooza lakini havirudishi kinga, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa njano hurudi. Kazi ya kudumu hupitia msasa wa maji wa namba 800, 1000, 2000 hadi 3000, kisha hupuliziwa vanishi inayokinga miale ya jua. Swali la kumuuliza kijana ni hili: "Ukimaliza unapaka nini juu?" Asipokuwa na jibu, mlipe bei ya kupangusa taa, isiwe bei ya kuitengeneza.

Nyaya za kubustia betri. Unene wake hudanganya, kwa kuwa ni unene wa plastiki. Mota ya kuwashia injini huvuta zaidi ya ampea 100, na nyuzi nyembamba hupata moto, plastiki ikayeyuka, gari lisiwake. Vuta ile raba kwenye kishikio uone waya ndani: unataka nyuzi nyingi zinazojaza ganda, zenye rangi ya shaba hadi ndani, na zimebanwa kwa nguvu kwenye kishikio. Machinga akikataa uvute raba, umeshajibiwa.

Pembetatu za tahadhari. Hizi hununuliwa kwa ajili ya trafiki, lakini zitakufaa siku umeharibikiwa usiku pale Chalinze. Zilizofikia viwango vya kimataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Alama inaweza kuigwa, kwa hiyo washa tochi ya simu karibu na jicho lako na uielekeze kwenye pembetatu: mwanga mwekundu lazima urudi kwa nguvu. Ikunjue uone kama miguu yake ina uzito wa kuhimili upepo wa lori linalopita.

Kivazi cha usukani. Kikiwa kikubwa kuliko usukani wako huzunguka peke yake mkononi wakati wa kukata kona. Kivalishe, kishike kwa mikono miwili, ukizungushe kwa nguvu. Kikisogea hata kidogo, kirudishe.

Funga kioo

Mafuta ya breki. Haya yasinunuliwe barabarani kwa bei yoyote ile. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na DOT 4 nyuzi 230. Lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Chupa iliyofunguliwa, iliyomiminwa upya au iliyokaa na mfuniko uliolegea inaweza kuonekana safi kabisa. Tofauti utaijua ukiteremka mlima Kitonga na mzigo: breki zinapata moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unabanwa, pedeli inazama hadi sakafuni. Nunua chupa iliyofungwa kwa lakiri, yenye daraja lililoandikwa kwenye mfuniko wa tangi lako, na iliyobaki usiiweke kwa ajili ya mwakani. Ikimwagika kwenye bodi, osha kwa maji mengi papo hapo, hula rangi.

Maji ya rejeta, yaani kulanti. Rangi haithibitishi chochote. Kijani, nyekundu na waridi zinaweza kuwa kulanti halisi, au maji yaliyotiwa rangi. Sisi wa pwani hatuogopi maji kuganda, lakini kulanti ina kazi nyingine mbili: inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu ndani ya injini na rejeta. Maji ya bomba yenye rangi hayafanyi hata moja, na madhara yake huonekana miezi mingi baadaye, wakati muuzaji hayupo tena. Nunua dukani, ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Na chupa hizo zikae mbali na watoto. Kulanti halisi ni sumu yenye utamu. Hata mfuniko wa rejeta usiuchukue kwa kuulinganisha kwa macho, kwa kuwa una namba ya mgandamizo, mathalani 0.9 au 1.1, na inapaswa kufanana na ya zamani.

Oili ya injini na ya giaboksi. Chupa za oili hujazwa upya na kufungwa upya. Nunua kwa wakala au duka unaloweza kurudi, kagua lakiri, na ukimaliza toboa chupa tupu kabla ya kuitupa ili isirudi sokoni. Kwa giaboksi hatari ni kubwa zaidi, kwani hata oili halisi ya aina isiyo yake huiua. Giaboksi ya CVT hailishwi oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, hata kama muuzaji anasema zote ni nyekundu.

Mtungi wa zimamoto. Kuna mtungi wa kumwonyesha trafiki na kuna mtungi wa kuzima moto, na kwa macho inafanana. Wa kweli una pini iliyofungwa kwa lakiri, kipimo ambacho mshale wake uko kwenye kijani, na tarehe ya ukaguzi. Lakini mshale unaonyesha mgandamizo tu, hauonyeshi kama unga uliomo ni wa kuzimia moto. Kwa hiyo nunua kwa watu wanaoijaza na kuikagua mitungi hiyo kama kazi yao. Ukishaufunga garini, uugeuze na kuutikisa mara kwa mara, maana mtikisiko wa barabara hushindilia unga chini.

Saitimira, wilikepu na taa zilizotumika. Hatari yake haipo kwenye ubora. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na ni soko hilohilo linaloajiri mtu wa kuja kuvua za kwako usiku. Kioo chenye namba ya gari la mtu mwingine iliyochorwa pembeni, au pale palipokwanguliwa namba, kisiguswe. Zako mwenyewe zichore namba.

Vitu ambavyo havina kazi

Kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachodai kupunguza ulaji wa mafuta, chenye taa inayowakawaka, hakipunguzi chochote isipokuwa salio lako. Shirika la hifadhi ya mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo bila kukuta kinachookoa mafuta kwa kiasi cha maana. Vidonge vya kutia kwenye tangi viweke kapu hilohilo. Ukitaka kuokoa mafuta, jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva na ubadilishe filta ya hewa kwa wakati.

Kile kichomekwa cha kunyamazisha kengele ya mkanda kinafanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Airbag imeundwa kumpokea mtu aliyefunga mkanda.

Namna ya kununua kwenye foleni

Ijue bei kabla. Ukipita Kariakoo kwa shughuli nyingine, ulizia bei ya vitu viwili vitatu unavyovihitaji na uviandike. Bila hiyo, kupatana ni kubahatisha: ukishushiwa nusu ya bei unafurahi, kumbe bado uko juu.

Nunua foleni ikiwa imesimama kweli. Kama kitu kinahitaji kujaribiwa, mwelekeze machinga kwenye kituo cha mafuta au pembezoni palipo salama. Anayeamini mali yake atakuja. Andaa hela kamili kabla hujamwita. Mtu anayekimbilia chenji yako katikati ya bodaboda anahatarisha maisha kwa ajili ya shilingi mia tano, na si haki kumfanya akimbie. Ukilipa kwa simu unabaki na jina na namba yake, nayo ni risiti ya aina yake.

Alama ya TBS itafute, lakini isiwe ushahidi pekee, kwani anayeiga chupa huiga na stika. Soma maandishi: jina la bidhaa lililokosewa herufi moja, tarehe isiyopo, maelezo yasiyo na anwani ya mtengenezaji. Kwa bidhaa za kundi la tatu dai risiti ya EFD dukani. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na malalamiko yenye risiti husikika zaidi.

Jambo la mwisho ndilo ambalo wenye magari wengi hawalitumii. Machinga hana duka, lakini wengi wana kituo. Yule wa mataa yako ya kila jioni utamkuta kesho palepale, na jina lake lina thamani kwake kama la mwenye duka. Basi mgeuze kuwa mletaji wako. Mwambie, "Kaka, nataka raba za waipa, inchi kadhaa na kadhaa, zilizo ndani ya mfuko, nitakupa bei hii," mpe namba yako, na mwache alifikirie ombi lako. Kesho atakuja na ulichokitaka, kilichochaguliwa Kariakoo asubuhi na mtu anayejua kwamba utapita tena keshokutwa.